Nyumba za kikundi zisiishie mikononi mwa wenye fedha: jibu kwa katibu wa Kisauni

Dada katibu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa faida ya wasomaji wengine naieleza kwa ufupi. Kikundi chenu cha Kisauni, Mombasa, kina kaya 72. Nyingi ni za wapangaji, na nyingine ni za watu wenye nyumba zisizo na ardhi, yaani kuta ni zao lakini kiwanja ni cha mtu mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi. Mmeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka tisa, mkanunua ekari tano nje kidogo ya mji, hati imeandikwa kwa majina ya viongozi watatu, na sasa amejitokeza mfadhili aliye tayari kugharimia awamu ya kwanza ya ujenzi, yaani nyumba 24. Swali lako halihusu namna ya kujenga. Unataka kujua mfanye nini ili baada ya miaka kumi nyumba hizo ziwe bado za watu wa kipato chenu, zisiwe zimenunuliwa moja moja na wenye fedha. Unaongeza kwamba mzee mmoja wa kikundi anashikilia kila mtu apewe hati yake, na mzee mwingine amependekeza ardhi iwekwe wakfu, yaani ifungwe isiuzwe kamwe kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu.

Jibu langu ni kwamba mtenganishe ardhi na nyumba: ardhi ibaki ya chama daima, nyumba iwe ya mwanachama, na kati ya viwili hivyo kuwe na mkataba wa muda mrefu unaosema waziwazi nyumba itauzwa kwa nani na kwa bei gani. Wataalamu wa nchi za nje huleta wazo hili kana kwamba ni uvumbuzi mpya, ilhali Mombasa imeishi na nyumba bila ardhi kwa vizazi. Mnajua vizuri kwamba kuta zaweza kuwa za huyu na kiwanja kikawa cha yule. Ubaya wa utaratibu wa Mombasa unatokana na mwenye ardhi kuwa mtu binafsi asiyefungwa na mkataba wowote wa maana, anayeweza kuuza kiwanja siku yoyote na kumwachia mwenye nyumba mabati na mawe yake. Mkiibadilisha nafasi ya mtu huyo, akawa ni chama chenu wenyewe, na mkataba ukawa wa miaka 99 uliosajiliwa, ubaya huo huondoka.

Hofu yako ina msingi. Dandora, Nairobi, ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, ikiwa na viwanja 6,000 vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini, na kila familia ilitakiwa kujijengea polepole. Leo sehemu kubwa ya viwanja hivyo ina majengo ya vyumba vya kupangisha, na wenyewe wengi hawakai hapo. Nyumba za ghorofa zilizojengwa kando ya Kibera nazo zilichukuliwa na watu wenye mishahara, wakati waliokusudiwa wakabaki ng'ambo ya ukuta. Sidhani kwamba waliouza walikuwa wajinga. Mtu ambaye mtoto wake amelazwa au amekosa karo, na mkononi ana mali ambayo mgeni yuko tayari kuilipia mara nne ya alivyoigharamia, atauza, na mimi katika hali hiyo ningeuza. Kwa hiyo msitegemee uaminifu wa mwanachama. Utaratibu wenu uwe unamruhusu kuuza anapobanwa, apate fedha za haki, na nyumba isitoke kwenye kundi la watu iliyojengewa.

Kabla sijaingia kwenye masharti, nikupe mifano miwili ya humu nchini, kwa sababu kila mmoja una kinachokosekana kwa mwenzake.

Wa kwanza ni Kambi Moto, kijiji cha Huruma, Nairobi, ambako wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walianza kujenga mwaka 2003 kwenye ardhi ya Baraza la Jiji baada ya kuandikiana makubaliano nalo. Kila familia ilipata eneo la takriban mita nne na nusu kwa nne na nusu, likianza na chumba cha chini, jiko na choo, kisha ghorofa zikapandishwa fedha zilipopatikana. Sakafu za juu hazikumwagwa kwa mbao na nguzo nyingi kama mafundi wetu walivyozoea. Zilitengenezwa kwa vipande vyembamba vya zege vilivyopinda kama gamba, wanachama wenyewe wakivimwaga chini, wakivimwagilia maji mpaka vishike, ndipo vikapandishwa na kupangwa juu ya mihimili. Waliovitengeneza wengi ni wanawake ambao hawakuwahi kushika mwiko wa fundi. Mikopo ilitoka kwenye mfuko wa muungano huo, Akiba Mashinani, na kwanza mtu alitakiwa awe ameweka akiba yake. Kwangu mimi hata hivyo, somo kubwa la Kambi Moto ni yale mapatano magumu ya kabla ya ujenzi: waliokuwa na vibanda vya kupangisha na waliokuwa wapangaji walikubaliana kila familia ipate nyumba moja. Bila hilo, wenye vibanda vingi wangetoka na nyumba nyingi.

Wa pili uko jirani nanyi, Voi, mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Mtaa huo ulikua kwenye ardhi iliyohusisha shirika la reli, shamba la mkonge na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya mradi wa miji midogo uliosaidiwa na Wajerumani, wakazi walielezwa njia mbalimbali za kumiliki ardhi, na wakachagua ardhi iwe ya jamii nzima na kila kaya ikodishiwe kiwanja chake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya. Kanuni zilikuwa nzuri: ardhi isiuzwe, mwenye nyumba auze majengo yake tu, na chama kiwe na haki ya kwanza ya kununua. Matatizo yalikuja baadaye. Usajili ulikwenda polepole kwa sababu maofisa wa ardhi hawakuwa na kielelezo cha hati za namna hiyo, wataalamu wa mradi wakaondoka, na chama kikabaki na haki ya kwanza ya kununua bila fedha za kununulia. Baadhi ya wakazi wakaanza kudai hati za mtu mmoja mmoja, kama mzee wenu.

Niseme zaidi kuhusu hiyo haki ya kwanza ya kununua, maana ndiyo moyo wa swali lako, na ndiyo vikundi huiandika kwa mstari mmoja wa katiba na kuisahau. Haki hiyo ina sehemu tatu: muda, bei na fedha. Muda ni siku ambazo chama kinapewa tangu mwanachama atoe taarifa kwa maandishi kwamba anauza. Siku 90 zinatosha. Bei haiwezi kuachiwa mazungumzo, kwa sababu anayeuza ni jirani na anayenunua ni jirani, na mazungumzo hayo huharibu kikundi. Iwekwe kanuni ya hesabu ambayo mtu wa darasa la nane anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu.

Kanuni inayojulikana zaidi ni ya Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani, ambako halmashauri ya mji chini ya meya Bernie Sanders ilisaidia kuanzisha mwaka 1984 shirika la ardhi ya jamii ambalo leo linaitwa Champlain Housing Trust. (Mji huo sasa una familia za Wakongo na za Wasomali Wabantu wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo jambo hili haliko mbali nasi kama linavyoonekana.) Huko, anayeuza nyumba yake hurudishiwa alichokilipa, thamani ya alichokiongeza, na robo ya ongezeko la thamani ya soko. Robo tatu hubaki ndani ya nyumba, na ndizo zinazompunguzia bei mnunuzi anayefuata.

Tuipime kanuni hiyo kwenu, kwa tarakimu za mfano tu. Chukua nyumba ambayo mwanachama ameilipia shilingi 900,000 bila ardhi, na baada ya miaka kumi mthamini anasema sokoni ingefika 2,500,000. Ongezeko ni 1,600,000, robo yake ni 400,000, kwa hiyo muuzaji anaondoka na 1,300,000. Inaonekana ni haki mpaka ukumbuke mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka kumi kitu cha 900,000 kinahitaji karibu 1,610,000. Mwanachama wenu atakuwa amepata hasara huku karatasi zikionyesha faida, naye atakuwa wa kwanza kuwaambia wenzake kwamba chama kimewaibia. Marekani, ambako kwa miaka mingi bei zimepanda polepole kuliko kwetu, kanuni ya robo haiumi sana. Kwenu nashauri muifunge bei kwenye faharasa ya bei za walaji, yaani kipimo cha kupanda kwa bei za bidhaa, inayotangazwa na Shirika la Takwimu la Kenya, na juu yake thamani ya vyumba vilivyoongezwa kwa idhini. Kwa mfano huo muuzaji anapata 1,610,000, mnunuzi mpya analipa takriban 900,000 chini ya soko, na hakuna aliyenyang'anywa.

Fedha ndiyo sehemu iliyowashinda watu wa Voi. Haki isiyo na mfuko nyuma yake haimzuii mnunuzi yeyote. Tengeni mfuko maalumu wa kununulia tangu mwanzo, usiochanganywa na akiba za kukopeshana, ukitosha walau nyumba mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa nyumba ikishapata mwanachama mpya fedha hurudi. Unaweza kujazwa na kodi ndogo ya ardhi ambayo kila kaya itailipa kila mwezi, na hapa msione haya kutoza kodi ya ardhi: mlikuwa mkimlipa mtu binafsi, sasa mnajilipa. Burlington tena inaonyesha fedha zinavyoamua mambo. Kulikuwa na mtaa wa nyumba 336 za kupangisha, Northgate, uliojengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali kuu kwa sharti la kodi nafuu. Miaka 20 ilipopita, mmiliki alipata nafasi ya kulipa mkopo mapema na kujitoa kwenye sharti hilo. Wapangaji wakajipanga, mashirika yasiyo ya faida yakaingia, mfuko wa makazi wa jimbo ulioanzishwa mwaka 1987 ukachangia, na mwaka 1989 mtaa ukanunuliwa ukabaki wa kodi nafuu. Hoja zao zilikuwa nzuri, lakini mfuko wa jimbo ulikuwa umeundwa miaka miwili kabla ya siku ya shida.

Umeuliza pia kama benki itakubali kumkopesha mwanachama asiye na hati ya ardhi. Itakubali iwapo mkataba wake wa kukodi umesajiliwa, ni wa miaka mingi, na unaruhusu kuwekwa rehani. Wekeni sharti kwamba rehani ishike mkataba wa nyumba ile moja tu, isiguse hati mama ya ekari tano hata kwa shilingi moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inawasaidia zaidi ya mnavyodhani: mkopaji akishindwa kulipa, benki humpa kwanza notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, na nakala ya hiyo ya pili lazima ipelekwe kwa mwenye ardhi ambayo mkataba umetokana nayo. Huyo ni chama chenu. Mnaweza basi kulipa deni na kuichukua nyumba kabla ya mnada, mradi mfuko niliousema upo. Mikopo midogo, kusema kweli, ichukuliwe kwenye sako, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ambayo wanachama wanaijua. Benki kubwa nyingi hazina subira na nyumba ya mita za mraba 20.

Yapo mambo matatu ya maisha ya pwani ambayo mikataba ya kunakili kutoka kwingine huyaacha. Mwanachama akienda kufanya kazi Oman au Saudia kwa mkataba wa miaka miwili, asihesabiwe kuwa mmiliki asiyekaa. Aandike taarifa, ataje nani anakaa, na muda ukipita aulizwe. Pili, msikataze kupangisha kabisa. Mjane mwenye vyumba vitatu anayepangisha kimoja anaishi kwa kodi ile, na kumkataza ni kumfukuza kwa adabu. Kinachokatazwa ni kupangisha nyumba nzima na kuhamia kwingine. Tatu ni urithi, na hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Kwa Waislamu nyumba ya marehemu itagawanywa mafungu, labda warithi saba, na nyumba haigawanyiki mara saba. Mkataba useme kwamba warithi, baada ya Kadhi au mahakama kuthibitisha mafungu yao, wana mwaka mmoja wa kumchagua mmoja wao atakayekaa na kuwalipa wenzake kwa bei ya kanuni. Wakishindwa, chama kinunue na kila mmoja apewe fungu lake la fedha. Hivyo urithi unaheshimiwa na nyumba inabaki.

Sasa mzee wa hati. Msimpuuze, kwa sababu anasema lililo kweli: amewahi kuona watu wakiondolewa kwa kukosa karatasi. Mpeni karatasi. Mkataba wa kukodi uliosajiliwa ni hati yenye jina lake, unaweza kuthibitishwa kwenye rejista, unarithiwa, na mwenye nao hawezi kuondolewa bila sababu na utaratibu wa kisheria. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kuuza udongo. Mwonyeshe hesabu ile ya 1,610,000 kwa kalamu, na mwulize mjukuu wake atanunua wapi nyumba ya bei hiyo.

Na mzee wa wakfu hakukosea. Kanuni ya wakfu, tangu shamba la Umar huko Khaybar, ni kwamba asili ya mali haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na matunda yake ndiyo yanayotumiwa. Hilo ndilo hasa mnalolitaka kwa ardhi. Mnayo Tume ya Wakfu papo hapo Mombasa, waulizeni. Mimi ningesita kwa sababu mbili tu. Ulisema kikundi kina Wakristo pia, na nisingependa ardhi waliyoichangia iongozwe na sheria ya dini isiyo yao bila ridhaa yao ya wazi. Halafu, wakfu ukishawekwa ni vigumu kubadili masharti mkigundua mmekosea kipengele, nanyi mtakosea kimoja au viwili, kila mtu hukosea.

Kuhusu uongozi, wengi watakushauri wakazi waongoze wenyewe peke yao. Sikubaliani. Wakazi peke yao ndio wenye faida ya kuvunja chama siku thamani ya ardhi itakapopanda, na mkutano mkuu mmoja wenye wajumbe wengi unaweza kugawana ekari tano alasiri moja. Mashirika ya namna hii Marekani hugawa bodi mara tatu: wakazi, watu wa eneo jirani wasiokaa kwenye nyumba hizo, na watu wanaosimamia maslahi ya umma. Chukueni mgawo huo, na muandike kwamba chama kikivunjwa ardhi itakwenda kwa chama kingine chenye lengo lilelile, haitagawanywa kwa wanachama.

Ujenzi wenyewe sitauzungumzia sana, mafundi wa pwani mnao. Ila kumbukeni kwamba nyumba hupotea pia kwa kuoza. Hewa ya chumvi hula mabati mepesi, na hula nondo zilizofunikwa kwa zege jembamba, na choo cha shimo kilicho karibu na kisima kitawagharimu kuliko paa. Sehemu ya kodi ya mwezi iingie kwenye akiba ya matengenezo, tofauti na mfuko wa kununulia.

Lililo la haraka kuliko yote ni hati yenu. Rejista ya ardhi inawajua watu watatu tu na haina habari na wanachama wengine. Mmoja wao akifariki kesho, mtakuwa mnazungumza na warithi wake; mmoja akidaiwa, mtakuwa mnazungumza na wadai wake. Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, ardhi ihamishiwe kwenye chombo chenye mwili wake wa kisheria, iwe chama cha ushirika au wadhamini waliosajiliwa kama shirika, na viongozi hao watatu watie sahihi mbele ya wakili wenu wakiwa hai na wakiwa na nia njema. Mwambieni mfadhili kwamba gharama za wakili, za mpimaji wa ardhi na za kuanzishia mfuko wa kununulia ni sehemu ya awamu ya kwanza. Akisema fedha zake ni za matofali tu, jengeni nyumba 20 badala ya 24, na zile nne zilipie hayo. Rasimu ya mkataba mkishaiandika, nitumie kipengele cha bei peke yake, nami nitakipitia kwa tarakimu.